Pikap ya dizeli na trela: kweli unahitaji breki ya ekzosi? Soma hii kabla hujateremka Kichwamba

Hili swali linakuja kila mara kwa watu wanaovuta trela na pikap. Leo ni mfugaji wa Kiruhura anayepeleka ng'ombe, kesho ni mtu wa boti anayeshuka Kaiso-Tonya kwenda Ziwa Albert, na siku nyingine ni kijana amenunua Hilux ya dizeli alafu ameona video za Wamarekani wanasema bila breki ya ekzosi usithubutu kuvuta kitu mlimani. Jibu langu fupi: kwa mizigo mingi tunayovuta hapa Uganda na pikap, sio lazima. Kuna vitu vingine ambavyo ndio lazima na watu wengi hawana, na hivyo ndivyo vinafanya breki zikatae kule Kanaba na Kapchorwa. Alafu kuna watu wanaihitaji kweli kweli, hao nitawataja, na nitaeleza wafanye nini.

Kwanza tuelewane hii kitu inafanya nini

Injini ya petroli ukitoa mguu kwa mafuta, klapa ya hewa inajifunga na pistoni zinanyonya hewa kwa shida, ndio maana unasikia gari inajishika yenyewe. Dizeli haiendeshwi hivyo, hewa inaingia bila kuzuiwa, kinachopunguzwa ni mafuta tu. Pistoni ikipanda inaibana ile hewa, ikishuka hewa inairudishia karibu nguvu yote, kwa hiyo kinachobaki cha kushika gari ni msuguano wa ndani wa injini na kazi kidogo ya kusukuma hewa. Ndio sababu dizeli kwenye gia ya juu inateremka kama hakuna mtu anayeishika.

Breki ya ekzosi ni klapa inayofungwa kwenye bomba la moshi, kwa kawaida baada ya turbo. Ikijifunga, moshi unakosa njia, presha inapanda kwenye bomba, na kila pistoni inapopanda kutoa hewa inakutana na hiyo presha. Injini inageuka kuwa pampu inayosukuma kitu kigumu. Nguvu hiyo inapitia giaboksi, propela shafti, difu, mpaka tairi za nyuma, na gari inapunguza mwendo bila wewe kugusa pedali ya breki. Joto linatoka na moshi badala ya kukaa kwenye diski na dramu.

Kwenye injini mpya zenye turbo ya bawa zinazojirekebisha, kompyuta inaweza kufunga zile bawa na kufanya kazi ile ile bila klapa ya ziada. Ram za Marekani zenye injini ya Cummins lita 6.7 zilianza kutoka kiwandani hivyo mwaka 2007, alafu GM na Ford wakafuata kwa pikap zao nzito za modeli ya 2011.

Watu wanachanganya hii na ile breki ya malori makubwa inayopiga kelele ta-ta-ta-ta. Hiyo ni kitu kingine. Ile inafungua valvu za ekzosi pistoni ikiwa imeshabana hewa, hewa inatoka na injini inakosa kurudishiwa nguvu yake. Historia yake ni nzuri: mwaka 1931 Clessie Cummins, yule mwenye injini za Cummins, alikuwa anateremka Cajon Pass kule California kwenye lori la dizeli, breki zikaisha nguvu na wakaponea chupuchupu kugongana na treni. Hakusahau, na akiwa amestaafu akaitengeneza hiyo breki, kampuni ya Jacobs ikaanza kuiuza mwaka 1961. Kwa hiyo tatizo la dizeli na mteremko lilijulikana tangu zamani na mwenye injini mwenyewe alilionja. Pikap zetu hazina hiyo na huihitaji.

Hesabu kidogo, usiogope

Chukua pikap ya tani 2 na trela ya tani 1.5 pamoja na mzigo, jumla tani 3.5. Teremka nayo mita 350 kwenda chini, mlima kama ile ya kushuka bonde la ufa. Nguvu inayotakiwa kumalizwa ni kama megajuli 12. Hiyo ingetosha kuchukua lita 35 za maji baridi ya bomba na kuzifikisha kuchemka. Sasa fikiria joto lote hilo ukilipeleka kwenye diski mbili za mbele na dramu mbili ndogo za nyuma manake hivyo ndivyo mtu anafanya akiteremka gia ya tano mguu ukiwa kwa breki toka juu mpaka chini.

Lakini geuza hesabu upande mwingine. Mteremko wa asilimia 7, mwendo wa 40 kwa saa, ukitoa upepo na uzito wa tairi kujivuta, kinachobaki cha kushikwa ni kama kilowati 20 hivi. Injini ya dizeli ya lita 3 ikiwa gia ya pili na inazunguka mara 3,000 na kitu kwa dakika, inaweza kubeba sehemu kubwa ya hiyo yenyewe, bila klapa yoyote. Breki za miguu unazitumia kukata kata tu. Hapo ndipo jibu langu linatoka. Kwa tani 3 au 4 jumla, gia ya chini inatosha. Ukifika tani 6, 8, 10 jumla, gia ya chini haitoshi tena na hapo breki ya ekzosi inaanza kulipa pesa yake.

Na Wamarekani ndio wako huko. Pikap nzito za kule zingine zinaruhusiwa kuvuta zaidi ya tani 15. Hilux ya 2.8, D-Max, Ranger, Land Cruiser 79, zote hizi kwenye masoko mengi zinaishia tani 3.5 kwa trela yenye breki zake (inategemea modeli na mwaka, angalia kitabu cha gari yako au kibandiko, matoleo ya zamani ni chini ya hapo), na kilo 750 tu kwa trela isiyo na breki. Ukichukua ushauri wa mtu anayevuta tani 12 kwenye milima ya Colorado ukauleta kwa Hilux yenye trela ya mbuzi, utatumia pesa pahali pasipofaa.

Hiyo namba 750 ndio nataka uishike

Trela nyingi tunazotengenezewa hapa zimetolewa ekseli kwenye gari kuukuu, zikachomelewa fremu, tairi mbili, basi. Dramu ziko lakini hakuna kitu kimeunganishwa ndani. Alafu mtu anapakia mifuko 30 ya simenti, hiyo ni tani moja na nusu kabla hujahesabu chuma chenyewe. Au tanki la maji la lita 2,000, tani mbili, na likiwa nusu maji yanakimbia mbele na nyuma, unapopiga breki yanakuja kukusukuma sekunde moja baadaye. Ng'ombe watano wa kilo 400 ni tani mbili pia, nao hawasimami pahali pamoja.

Trela kama hiyo isiyo na breki ikiwa zaidi ya kilo 750, breki ya ekzosi haikuokoi. Narudia, haikuokoi. Ekzosi inashika tairi za nyuma za pikap peke yake, trela bado inasukuma kutoka nyuma, na kwenye kona ya mvua ndio unaona trela inataka kukupita ubavuni. Pesa ya kwanza iende kwenye breki za trela. Kama una pesa ya kitu kimoja tu, ni hicho, bila kufikiria mara mbili.

Breki za trela ndogo ziko za aina mbili ambazo utakutana nazo. Kuna ya kusukumwa, yaani pale kwenye kiungio kuna mkono unaoingia ndani, pikap ikipunguza mwendo trela inasukuma mbele, mkono unaingia na kuvuta kebo ya breki. Haihitaji waya wala kitu kwenye gari, inafaa mtu anayebadilisha pikap. Nyingine ni ya umeme, kuna sumaku ndani ya dramu na kisanduku kwenye dashibodi kinachopima ukali wa breki yako alafu kinatuma umeme. Hii ya umeme ni nzuri sana kwa sababu kisanduku kina kikono cha kubonyeza kwa mkono, unaweza kushika trela peke yake bila kugusa breki za pikap.

Na sasa nieleze jambo ambalo nimeona wengi hawalijui hata wanaouza hizi vitu. Ukiwa na trela ya breki ya kusukumwa, ukateremka na gia ya chini au na breki ya ekzosi, trela inasukuma pikap mteremko mzima, si ndio? Kwa hiyo ule mkono umeingia mteremko mzima, breki za trela zinasugua mteremko mzima. Wewe kwenye kiti unafurahi pikap imetulia na pedi zako ni baridi, kumbe nyuma dramu za trela zinawaka. Kwa hiyo na hiyo aina lazima usimame katikati ya mteremko mrefu, sehemu salama ya kuegesha, uzipe muda zipoe, weka mawe kwa tairi. Na ya umeme ni kinyume chake: ekzosi au gia ikishika, hujagusa pedali, kisanduku hakijui kitu, trela haishiki kabisa na mzigo wote unakaa kwenye kiungio. Hapo unabonyeza kile kikono kidogo kidogo, kushika na kuachia, hasa kabla ya kuingia kona.

Nani basi anaihitaji

Mwenye Canter, Elf au lori dogo lolote la Japani. Hizo zinakuja nayo kutoka kiwandani, iko kwenye kikono pembeni mwa usukani, ukiivuta taa inawaka kwenye dashibodi. Kwa tani 5 au 7 kuteremka kutoka Kisoro na viazi hiyo ni sehemu ya breki zako, sio urembo, na ikiwa imekufa gari haijakamilika. Nitarudi kwake chini.

Mwenye pikap nzito ya Kimarekani, zipo chache hapa, kwa mashirika na watu wa mafuta. Kama gari ilitoka nayo, itumie, imetengenezwa na kompyuta ya giaboksi kufanya kazi pamoja.

Mtu anayevuta tani 3 na zaidi kila wiki kwenye njia zenye miteremko mirefu. Nikisema mirefu nazungumzia Ishaka kushuka Kichwamba kuelekea Katunguru, Fort Portal kwenda Bundibugyo, Kabale hadi Kisoro, Kapchorwa kurudi Mbale, Hoima kushuka Kaiso-Tonya mpaka ziwani ambako maji yako kama mita 620 tu juu ya bahari. Kama wewe njia yako ni Kampala-Masaka au Lira-Kitgum, vilima vya kupanda na kushuka dakika moja, sahau hii habari. Karuma watu wanaiogopa na wana haki manake unashuka ukiwa na mwendo wa barabara kuu alafu kona na daraja vinakuja haraka, lakini pale ugonjwa ni mwendo, mteremko wenyewe ni mfupi, ekzosi haitafanya kazi ambayo mguu wako umekataa kufanya.

Na mwenye giaboksi ya otomatiki, subiri kidogo. Otomatiki ina kile kikombe cha mafuta kati ya injini na giaboksi, na kama hakijajifunga kufuli yake, nguvu ya kushika haifiki injini vizuri, inapotelea kwenye mafuta na kuyachemsha. Breki ya ekzosi ya kununua dukani ukiifunga kwenye otomatiki ambayo haikupangwa kwa hiyo, mara nyingi utapata kelele nyingi na kushika kidogo. Kwa otomatiki sogeza mkono wa gia kutoka D kwenda 3 au 2, au weka upande wa kuchagua mwenyewe, fanya hivyo ukiwa bado juu.

Jinsi ya kuteremka bila hiyo breki

Hii ndio sehemu ningependa kila mtu aijue hata kama ataruka hayo mengine.

Simama juu kabla mteremko haujaanza, au angalau punguza mpaka 30 au 40. Chagua gia ukiwa juu. Wazee wa barabara wanasema gia uliyopandia ndio ya kushukia, hiyo ilikuwa ya malori ya zamani yenye injini dhaifu, kwa injini za siku hizi zenye turbo zinapanda na gia ya nne bila shida kwa hiyo shuka gia moja au mbili chini ya ile uliyopandia. Pikap ya gia za mkono yenye trela ya tani 1.5 kwenye mteremko mkali, ni gia ya pili, ya tatu kama mteremko ni wa wastani. Injini izunguke 2,500 mpaka 3,500. Kelele isikutishe, ukitoa mguu kwa mafuta pampu inakata dizeli, ile sauti ni hewa tu.

Lakini usisubiri ukiwa 80 ndio urushe gia ya pili. Kompyuta inajua kukata mafuta injini ikizidi, haiwezi kuzuia tairi kuizungusha injini kwa nguvu. Ukizidisha mpaka mstari mwekundu valvu zinaanza kuruka, na injini za Toyota kama 1KD au 1HZ zenye mkanda wa taimingi, mkanda mzee unaweza kukatika hapo hapo na injini inaisha. Kumbuka pia kusimama kutoka 80 kunahitaji kumaliza nguvu mara nne ya kusimama kutoka 40. Mara nne, sio mara mbili.

Breki ya mguu unakanyaga kwa nguvu ya wastani, unashusha mwendo kwa kama 10 kwa saa, alafu unaachia kabisa uache ipoe, mwendo ukipanda unarudia. Mguu uliolala juu ya breki mteremko mzima ndio unaua, hata kama unagusa kidogo tu.

Usiteremke na fri, yaani bila gia yoyote. Najua watu wanasema inaokoa mafuta. Dizeli ikiwa kwenye gia na mguu umetoka, haichomi mafuta kabisa, ukiweka fri inabidi ichome ya kuzunguka bila kazi, kwa hiyo fri inakula zaidi. Na wale wanaozima injini kabisa, pampu ya vakyumu inayosaidia breki inazungushwa na injini ile ile (kwenye nyingi iko nyuma ya altaneta au kwenye kamshafti), ikizimika unabaki na breki mara mbili tatu tu alafu pedali inakuwa jiwe, na usukani pia unakuwa mzito. Tafadhali waambie vijana wetu hii.

Kwenye murram yenye mvua, jambo ni tofauti kidogo. Kushika kwa injini kunakwenda tairi za nyuma peke yake, pikap ikiwa tupu nyuma na trela inasukuma, tairi za nyuma zinateleza na trela inaikunja pikap. Weka 4H (nne nne ya mwendo wa kawaida) ili kushika kugawanyike tairi zote nne, na kama ni mkali sana 4L (nne nne ya gia nzito) gia ya pili. Ukifika lami toa, zile pikap za kuchomeka kwa mkono hazipendi lami kavu zikiwa kwenye nne nne. Breki ya ekzosi kwenye matope izime kabisa.

Trela ikianza kucheza kushoto kulia usikanyage breki kwa hasira na usiwashe ekzosi, toa mguu kwa mafuta, shika usukani sawa, kama una breki ya umeme bonyeza kile kikono. Mara nyingi ugonjwa wake ni mzigo kuwekwa nyuma. Mzigo ukae mbele kidogo ya ekseli, karibu asilimia 10 ya uzito wa trela ikae kwenye kiungio.

Oili ya breki, kitu cha bei ndogo kabisa

DOT 3 ikiwa mpya inachemka si chini ya nyuzi 205, ikinyonya unyevu inaweza kushuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 mpya na 155 ikiwa imenyonya unyevu. Hii oili inavuta maji kutoka hewani yenyewe, na sisi na mvua zetu misimu miwili kwa mwaka hatusaidiki. Ikichemka inatoa mvuke, mvuke unabanika, pedali inakwenda mpaka chini na hakuna kitu. Dereva anasema breki zilikuwa nzuri asubuhi, na kweli zilikuwa nzuri. Badilisha yote kila miaka miwili, toa ya zamani kila tairi, DOT 4 kama kitabu cha gari kinakubali, na usichanganye na DOT 5 ile ya silikoni. Ukinunua hakikisha chupa imefungwa na haijawahi kufunguliwa, chupa iliyokaa wazi dukani usiiguse. Kwa mtu anayevuta trela mlimani naona hii ina maana kuliko klapa yoyote ya ekzosi.

Kama bado unataka kufunga

Sawa, una 79 unavuta tani 3 kwenda Bundibugyo kila wiki, umeshaweka breki za trela, umebadilisha oili, bado unataka. Ni haki yako na itakusaidia. Nunua kiti, yaani seti kamili ya vifaa, iliyotengenezwa kwa injini yako hasa. Sababu ni presha. Kila injini ina kiwango chake cha presha ya nyuma ambacho springi za valvu za ekzosi zinavumilia. Ikizidi, presha inasukuma valvu ya silinda ya jirani ifunguke wakati haitakiwi, inaweza hata kugusana na pistoni. Kiti nzuri ina tundu au springi ya kuachia presha ikifika kiwango. Mafundi wetu wa Katwe wanaweza kutengeneza karibu kila kitu cha chuma na ninawaheshimu, lakini klapa ya kukata bati na kuchomelea kwenye bomba bila njia ya kuachia presha, hapana, utaharibu gasketi, sili za turbo zitaanza kutoa oili, na mwisho injini.

Kwenye kufunga angalia swichi tatu. Moja kwenye pedali ya mafuta, ukigusa mafuta klapa inafunguka. Ya pili kwenye klachi, ukikanyaga klachi inafunguka, bila hiyo ukibadilisha gia injini inazimika katikati ya mteremko. Ya tatu ni ya dereva, ya kuwasha na kuzima. Kama pikap ina ABS (ile inayozuia tairi zisifunge ukikanyaga breki) muulize muuzaji kama ekzosi inajizima ABS ikifanya kazi, za kiwandani zinafanya hivyo, za dukani nyingi hazifanyi. Na kabla ya kufunga tafuta moshi unaovuja kwenye gasketi za bomba, panapovuja leo kidogo patapasuka ukifunga klapa.

Sasa wewe wa Canter na Elf. Gari nyingi kuukuu unakuta mtu amekata paipu za vakyumu au klapa imeshikana na kutu na masizi, taa inawaka lakini hakuna kitu. Jaribu hivi: barabara tupu ya tambarare, gia ya tatu, injini 2,500, toa mguu bila ekzosi usikie inashika vipi. Rudia na ekzosi. Tofauti lazima uisikie mwilini na sauti ya moshi ibadilike. Kama hakuna, zima gari, ipoe, ingia chini utafute kale kamkono pembeni ya bomba la ekzosi, kasukume kwa mkono. Kakikataa, klapa imeshikana, ifunguliwe isafishwe. Kakienda vizuri, angalia paipu za mpira zilizopasuka, fyuzi, na zile swichi za klachi na mafuta, mara nyingi ni swichi. Kazi ya nusu siku kwa makanika anayejua umeme wa gari, na kama unanunua Canter ya mkononi fanya hili jaribio kabla hujatoa pesa.

Ekzosi ikifanya kazi usisahau inataka mizunguko. Chini ya 1,500 haishiki kitu, kwa hiyo bado unahitaji gia ya chini, mtu anayeweka gia ya tano alafu anawasha ekzosi anategemea taa ya dashibodi imsimamishe.

Na ukishafika chini, Katunguru au Mbale, popote, egesha pahali tambarare uzunguke gari. Leta mgongo wa mkono karibu na kila rimu bila kugusa, za pikap na za trela. Zote zikiwa na joto la kufanana ni sawa. Moja ikiwa baridi kabisa, hiyo breki haikufanya kazi na zingine zimeibebea, moja ikiwa inaunguza mpaka unanusa, imeshikana na haiachii. Trela yote ikiwa baridi na una breki ya umeme, waya umekatika mahali au kisanduku umekiweka chini mno. Rekebisha hapo hapo au mwite makanika kabla hujapakia mzigo wa kurudi.